Kusema "napenda" na "nataka" kwa Kijapani: niliyojifunza katika nyumba ya wazee

Mzee wa Osaka akiletewa natto, zile soya zilizochachushwa zikawa zinanata na kutoa nyuzi, kisha akasema taratibu "natto wa chotto…" na kunyamaza, usimsubiri amalizie. Amekwisha kukujibu. Chotto ni "kidogo", na kimya kinachofuata ndicho chenye jibu: hataki, mwondolee, asante. Nafanya kazi na wazee wa mji huu, na kama kuna sehemu ya Kijapani cha mwanzo ambayo ningemsihi kila Mswahili anayekuja huku aisome kwa utulivu, ni hii ya kupenda, kutopenda na kutaka. Katika masomo ya wanaoanza hupewa kurasa chache, watu wakaipita mbio kuwahi vitenzi. Kazini kwangu ndiyo lugha ya kutwa nzima.

Nilikuja Japani kama mwanafunzi wa kujilipia, na mwanafunzi wa kigeni mwenye kibali huruhusiwa kufanya kazi hadi saa 28 kwa wiki wakati wa masomo. Wenzangu wengi waliingia kwenye maduka ya saa 24 na viwanda vya kufungasha vyakula. Mimi nilipata nafasi katika nyumba ya kutunzia wazee, kazi ambayo huku huitwa kaigo. Nafasi hazikosi: karibu asilimia 29 ya watu wa nchi hii wana miaka 65 au zaidi, na wa kuwahudumia hawatoshi. Katika zamu yangu wamo Wavietinamu, Waindonesia, Wanepali na Wajapani wenyewe, na mimi peke yangu kutoka Tanga.

Kwa Kiswahili kupenda ni kitendo. Mimi napenda, chai inapendwa, na kitenzi kinatubeba sote wawili: naipenda. Kijapani kina njia nyingine. Unasema ocha ga suki desu, na suki hapo ni sifa, inakaa kundi moja na maneno ya maana ya "tulivu" au "hodari". Kijineno ga kinasimama nyuma ya chai kuonyesha kwamba sifa hiyo inaihusu chai, na desu inafunga sentensi kwa adabu. Mwenye kupenda, yaani watashi wa, mara nyingi hatajwi kabisa. Lakini Mswahili ana mlango wake wa kuingilia humu. Tunasema "kanga hii inanipendeza." Kanga ndiyo inayotenda, mimi nimekaa pembeni nimeguswa. Ukizoea kuwaza "chai inanipendeza" kabla ya kufungua mdomo, ga itakuja yenyewe mahali pake, wala hutaweka o, kijineno cha kutaja mtendwa, ambacho wageni wengi hukichomeka hapo kwa sababu vichwani mwao bado wanatafuta kitenzi.

Ukitaka kulinganisha vitu viwili, kama tunavyosema "samaki napenda, dagaa hapana", Kijapani nacho hutanguliza kitu na kubadilisha ga kuwa wa: sakana wa suki desu ga, natto wa chotto, samaki napenda, lakini natto… (ga ya hapo ni nyingine, maana yake "lakini"). Na kama unachopenda ni kitendo, kigeuze jina kwanza kwa kuongeza no: utau no ga suki desu, napenda kuimba. Mkazi mpya akifika, swali langu la mwanzo huwa la nyimbo. Kwa mzee huongezwa o ya heshima mbele ya suki: uta wa osuki desu ka? Sijaona swali jingine linalofungua uso wa mtu haraka kiasi hicho. Mama mmoja aliyekuwa ameinamisha kichwa tangu asubuhi alikiinua, akanitajia mwimbaji wa ujana wake, na mchana ule ule alikuwa ameshika maikrofoni.

Matamshi hayatuangushi. Irabu zao ni tano kama zetu, silabi nyingi huishia na irabu, na ukisoma Kijapani kilichoandikwa kwa herufi za Kirumi vile vile unavyosoma Kiswahili, utaeleweka. Angalia mambo mawili. U ya suki humezwa, ikasikika karibu "ski". Na usipitishe haraka tofauti ya kirai na kirei: la kwanza ni chukizo, la pili ni uzuri na usafi.

Kirai lenyewe ni neno zito. Wanaoanza hufundishwa kwamba ni kinyume cha suki, na kwa sarufi ni kweli, lakini masikioni mwa watu liko karibu na "nachukia" kuliko "sipendi". Watoto hulisema watakavyo. Watu wazima hulisema mbele ya waliowazoea, au pale jambo lilipowaudhi kweli. Kwa chakula ulichoandaliwa na mtu, au kwa tabia ya mwenzako wa kazi, kuna njia laini zaidi, na hizo ndizo utakazozisikia kila siku. Moja ni amari suki ja nai desu, sipendi sana, ambapo amari lazima ifuatwe na kanusho. Nyingine ni nigate desu, ambayo husemwa kwa kitu kinachokushinda, kiwe natto, hesabu au sehemu za juu kwenye ghorofa. Naipenda nigate kwa sababu inauchukua udhaifu na kuuweka kwa msemaji, chakula kikabaki na heshima yake na aliyekipika pia. Tanga tumelelewa hivyo hivyo. Mgeni mwenye adabu hamwambii mwenyeji kwamba hataki pweza. Husema "nimeshiba, alhamdulillahi", na mwenyeji anaelewa, sahani inaondolewa.

Kukataa kwa wazee wangu kuna rangi zake. Vitabu hufundisha kekkou desu, vijana husema daijoubu desu, na zote mbili zikiambatana na kiganja kinachotikiswa mbele ya kifua maana yake ni hapana, inatosha. Mzee wa Osaka hana haja na hizo. Atasema mou ee, basi tena, au iran, sihitaji. Kwa mgeni iran inaweza kusikika kavu, lakini kwa sauti ya huku haina ukali wowote, na nawaambia wenzangu wapya wasivunjike moyo wakiisikia.

Kuna neno jingine ambalo ningetaka lipewe nafasi kubwa kuliko linavyopewa: iya. Kirai ni kutopenda kwa kudumu, kunakokaa ndani ya mtu. Iya ni kukataa kwa sasa hivi. Tofauti hii ilinikaa siku nilipopokea zamu na kukuta katika kumbukumbu kwamba baba mmoja ni ofuro-girai, mchukia kuoga. Neno lile moja lilikuwa limeshamwekea sura. Watu walimwendea wakitarajia ugomvi, naye akawapa ugomvi. Nilipokwenda kumchukua alisema kweli, furo wa iya ya, kuoga sitaki, kwa lile ya la Osaka linalochukua mahali pa desu. Nikamuuliza leo kuna nini. Samui, akasema, baridi. Chumba cha kuvulia nguo kilikuwa hakijawashwa hita. Tuliiwasha mapema, tukampashia taulo, akaoga, akakaa ndani ya maji ya moto mpaka tukalazimika kumbembeleza atoke. Mtu yule alikuwa anapenda kuoga maisha yake yote. Kilichokuwa iya kwake kilikuwa ni baridi ya dakika chache, na aliyekiandika alikipa jina la kirai. Naliona jambo hili kuwa kubwa. Mzee asiyeweza tena kujitetea huishi ndani ya maneno tunayoyaandika juu yake.

Sasa kutaka. Kijapani cha mwanzo kina njia mbili, na zinagawana kazi bila kuingiliana. Kitu hutakwa kwa hoshii: atarashii kutsu ga hoshii desu, nataka viatu vipya. Kitendo hutakwa kwa tai: chukua kitenzi cha adabu, ondoa masu, weka tai. Nomimasu ni kunywa, nomitai ni kutaka kunywa. Kaerimasu ni kurudi nyumbani, kaeritai ni kutaka kurudi. Zote mbili, hoshii na tai, zinabadilika kama sifa na kuacha tabia ya kitenzi, kwa hiyo "sitaki kula" ni tabetakunai, na "nilitaka kula" ni tabetakatta. Ukishalijua umbo moja umeyajua yote.

Umbo ni rahisi; mahali pa kulitumia ndipo penye somo. Dukani hutasikia Mjapani akimwambia muuzaji mizu ga hoshii desu, nataka maji. Atasema mizu o kudasai, au mizu onegaishimasu. Mtanzania hahitaji maelezo marefu hapo. Ukiingia mgahawani kwetu husemi "nataka chapati mbili", unasema "naomba chapati mbili", na aliyekulia pwani husikia mara moja tofauti ya heshima iliyomo. Kudasai na onegaishimasu ndizo "naomba" yetu. Hoshii huwekwa kwa mazungumzo ya kueleza hamu yako kwa mtu anayekuuliza: unataka nini siku yako ya kuzaliwa, unataka muda zaidi, unataka rafiki. Chuo Kikuu cha Osaka kinafundisha Kiswahili, na nimekutana na wanafunzi wake kadhaa. Binti mmoja kati yao alikuwa akianza karibu kila ombi kwa "ningependa". Nilimsikiliza nikafurahi sana, maana alikuwa ameleta adabu ya kwao ndani ya lugha yangu, na ilikaa vizuri.

Upande wa pili wa jambo hili ni kuuliza. Saa tisa alasiri tunapitisha chai na kitafunwa, wakati ambao Wajapani huuita wa oyatsu. Anayeanza huona ni sawa kumuuliza mzee ocha ga nomitai desu ka, unataka kunywa chai? Sarufi haina kosa. Lakini kumuuliza mkubwa wako anataka nini kwa tai ni kama kuchungulia dirishani kwake. Hamu ni ya mwenyewe. Wewe kazi yako ni kutoa, naye aseme ndiyo au hapana. Kwa hiyo mama kiongozi wa zamu yetu hupita na ocha wa ikaga desu ka, vipi chai? Au huwapa cha kuchagua: koohii to ocha to, dochira ga ii desu ka, kahawa na chai, ipi ni bora? Hata wasioweza tena kuunda sentensi wanaweza kunyoosha kidole kwenye moja ya vikombe viwili. Nimeona mama asiyezungumza na mtu akijibu "kocchi", hiki, kwa sauti ya mtu mwenye nyumba yake.

Mpaka huo unaolinda moyo wa mtu unaonekana vizuri zaidi unapomzungumzia mtu wa tatu. Kwa Kiswahili "nataka", "unataka", "anataka" ni kubadilisha kiambishi tu. Kwa Kijapani tai na hoshii kwa kawaida ni za anayesema, au za kumuuliza anayesikiliza. Kusema juu ya mwingine kwamba anataka, kama vile umo ndani yake, masikio ya Wajapani hayakubali. Kuna umbo la garu linaloeleza dalili za nje: mtoto anataka keki ni keeki o hoshigatte imasu, na angalia kwamba ga imegeuka o, kwa kuwa sasa kimekuwa kitendo kinachoonekana. Anataka kwenda nje, soto ni ikitagatte imasu. Kwa watoto na wanyama wa nyumbani husikika vizuri. Kwa mzee unayemhudumia hapana. Tagaru, yaani tai iliyotiwa garu, humfanya mtu awe kitu cha kutazamwa, na ndani yake mna harufu ya "huyu anang'ang'ania". Katika daftari letu la zamu tunaandika maneno yake mwenyewe ndani ya alama za kunukuu, kisha to ossharu, ambayo ni "amesema" ya heshima: "ocha ga nomitai" to ossharu. Alisema, kwa kinywa chake, kwamba anataka kunywa chai. Tunanukuu hata pale alipochanganya mambo, na tunaacha lahaja yake kama ilivyo.

Neno tunalolinukuu kuliko yote ni kaeritai. Nataka kurudi nyumbani. Linaanza jua linapoelekea kuzama, wakati ambao wengi wenye maradhi ya kusahau huingiwa na wasiwasi, na akianza mmoja wanafuata wengine. Mtu anasimama mlangoni na mkoba wake. Mkufunzi wetu alitufundisha tusimjibu kwamba hawezi kutoka, wala tusimdanganye kwamba gari linakuja. Alitufundisha kuuliza: kaettara, mazu nani o shimasu ka? Ukifika nyumbani, utaanza na nini? Mama mmoja alinijibu gohan takanto akan, lazima nipike wali, watoto wanarudi shule. Watoto wake sasa wana wajukuu. Nikamwambia hapa nina taulo nyingi za kukunja na mikono yangu haitoshi, naomba anisaidie. Alikunja rundo zima, pembe juu ya pembe, akinielekeza jinsi ya kunyoosha mikunjo. Alichokitaka ni nafasi yake, ya mtu ambaye nyumba haiendi bila yeye. Tangu hapo nikisikia tai ya mtu naipokea kama mwanzo wa mazungumzo, na huuliza tena, na mara nyingi swali la pili ndilo linalonipa kilichomo.

Kumtaka mtu mwingine afanye jambo ni te hoshii: koko ni ite hoshii, nataka uwe hapa. Kwa mkubwa wako wa kazi usiitumie, kwake utasema te itadakemasen ka, ombi la heshima. Lakini mzee akikuambia wewe ite hoshii, hasa usiku, weka chini ulichoshika. Kazi nyingine zote za zamu zinaweza kusubiri dakika tano.

Kinachobaki kigumu ni wale wasiosema kabisa. Baba mmoja hajatamka neno tangu apate kiharusi. Tai yake haiandikiki, maana hakuna kauli ya kunukuu, na tagaru hatumwandikii. Kijapani kina njia ya tatu: ondoa i ya mwisho, weka sou, nomitai ikawa nomitasou, anaonekana kutaka kunywa. Na sou haiandikwi peke yake. Tunalazimika kuandika kilichotufanya tuseme hivyo: alikitazama kikombe, alifungua midomo, aligeuza uso kijiko kilipokaribia. Anakunywa kwa kijiko, kinywaji kikiwa kimetiwa toromi, unga wa kuongeza uzito ili asipaliwe. Chai ya shayiri huiacha nusu. Juisi ya tufaa huimaliza siku nyingine, siku nyingine hapana, na sisi wa zamu tumetofautiana sana juu yake. Binti yake alipokuja kumtembelea alituambia koohii ga daisuki deshita, kahawa alikuwa akiipenda mno, kila asubuhi kabla ya gazeti. Daktari ameruhusu tujaribu kahawa yenye toromi kuanzia wiki ijayo, na zamu ya asubuhi ni yangu.